Kupiga Hodi Jangwani: Jinsi ya Kutembelea Ranchi ya Ng'ombe Katikati ya Australia

Waaustralia hawasemi ranchi. Wanasema station, neno ambalo kwetu limebakia kwa treni, kwa hiyo usishangae ukiambiwa "stesheni iko kilomita 90 mbele" na reli yenyewe huioni. Stesheni hiyo ni nyumba moja kubwa, mabanda, tangi la maji, kiwanja cha ndege cha vumbi, na ng'ombe waliotawanyika mahali ambapo hata ukipanda juu ya paa la gari huwaoni. Anna Creek, ranchi kubwa kuliko zote, ina zaidi ya kilomita za mraba 15,000. Chukua Rwanda, igawe katikati, na bado Anna Creek inazidi hiyo nusu.

Barabara maarufu za jangwani hazipiti kando ya ranchi hizi, zinapita ndani yake. Ndiyo maana watu huvuka ranchi tatu nne bila kujua. Wanapiga kambi pembeni ya birika la ng'ombe, wanaacha geti wazi, halafu wanasonga mbele kwenda kuitafuta "Australia yenyewe". Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kusimama na kuingia. Mimi nimekulia Kongwa, jirani na ranchi ya serikali, na sasa naishi Adelaide, mji wa kusini mwa Australia. Nilidhani gari kubwa ndilo litakalonipa heshima huko ndani. Kilichonipa heshima ni adabu za wafugaji nilizozikuta kwa babu.

Hatua ya 1: Chagua njia kwanza, gari baadaye

Kama hujawahi kuendesha jangwani, anza na Curtin Springs, katika Northern Territory. Iko kwenye Lasseter Highway, barabara ya lami inayokwenda Uluru, lile jiwe jekundu lililo kwenye kila kalenda ya nchi hiyo. Ukitoka Alice Springs unashuka kusini kama kilomita 200 hadi Erldunda, unakata kulia, unaenda kama 160 nyingine, umefika. Gari dogo la kawaida linatosha. Ranchi ina zaidi ya kilomita za mraba 4,000, zaidi ya mara mbili ya kisiwa cha Unguja, na imekuwa mikononi mwa familia moja tangu 1956. Ina mafuta, vyumba, mahali pa kupiga hema na matembezi ya kuongozwa, yakiwemo ya kwenda Mount Conner, mlima wenye kichwa bapa ambao kila siku kuna mtu anaupiga picha akidhani ndio Uluru. Usimcheke. Mimi nilizituma picha hizo kwenye kundi la familia, na baba mdogo alishazisambaza kwa nusu ya Dodoma kabla sijajua.

Njia ya pili ni Oodnadatta Track, South Australia: kilomita 600 na ushee za vumbi na changarawe kutoka Marree hadi Marla. Inafuata reli ya zamani ya treni ya Ghan na mkondo wa waya wa telegrafu, simu ya maandishi, wa karne ya 19. Mafuta yanapatikana Marree, William Creek, Oodnadatta na Marla, kila kituo kwa takriban kilomita 200. William Creek ni kijiji cha kuhesabu nyumba, na pande zake zote kimezungukwa na Anna Creek. Njia hii inataka gari la juu lenye matairi mazima. Ikiwa kavu si ngumu.

Ya tatu ni Birdsville Track, kama kilomita 517 kati ya Marree na mji wa Birdsville ulioko Queensland, yenye kituo kimoja tu cha maana katikati, Mungerannie. Hii iache kwa safari ya pili.

Ukipitia Marree, tenga nusu saa. Utakuta mitende, na utakuta mfano wa msikiti mdogo wa udongo. Kabla ya reli na malori, mizigo ya ranchi hizi ilibebwa na ngamia, na wenye ngamia walikuwa Waislamu walioletwa kutoka Afghanistan, Punjab na Baluchistan. Wazungu wa huko waliwaita wote "Afghan", na jina la treni ya Ghan linatokana na hapo. Msomaji wa Mombasa au Unguja anawajua Wabaluchi kwa sura na kwa majina. Basi wengine wa ukoo huo walitia nanga hapa, wakaishi upande wao wa reli, wametengwa na Wazungu. Ngamia waliobaki baada ya malori kuingia waliachiwa porini, na vitukuu vyao bado vinakatiza mbele ya magari.

Hatua ya 2: Mwezi

Mei hadi Septemba, basi. Oodnadatta iliwahi kufika nyuzi 50.7 tarehe 2 Januari 1960; si mahali pa kwenda kujifunza kubadilisha tairi mwezi wa Krismasi. Miezi ya baridi ndiyo pia miezi ambayo ng'ombe hukusanywa, kwa hiyo utaona kazi. Ila baridi ya jangwa usiidharau. Mchana unavaa fulana, usiku maji ya kwenye dumu yanaweza kuganda. Kitenge hakitoshi, beba blanketi la uhakika.

Hatua ya 3: Makaratasi na viatu

Kwa wengi wetu viza ni ile ya mgeni, aina ya 600. Jambo moja la kuliangalia: haikuruhusu kufanya kazi. Sisi tuna msemo, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huko jembe usilishike. Ukiambiwa "saidia wiki mbili, tutakupa chakula na pa kulala", hiyo inaweza kuhesabiwa kuwa kazi, na atakayeulizwa uwanja wa ndege ni wewe. Kushika kamba dakika mbili ili upigwe picha ni jambo jingine.

Leseni za Kenya na Tanzania zina Kiingereza, na huko wanaendesha kushoto kama kwetu, hivyo upande huo hakuna shida. Kampuni nyingi za kukodisha hukutaka uwe na kibali cha kimataifa pia. Kibebe tu.

Sasa viatu. Ugonjwa wa miguu na midomo, ambao mfugaji wa kwetu anaufahamu kama anavyofahamu mafua, Australia haujaonekana tangu 1872. Wanauogopa kuliko ukame. Kwenye fomu ya kuingilia nchini utaulizwa kama umekuwa shambani au karibu na mifugo siku 30 zilizopita. Kama ulikuwa mnadani wiki jana, sema ndiyo. Watavikagua viatu, pengine watavisafisha, utaendelea na safari. Ukisema hapana na matope yakaonekana kwenye soli, umejiletea faini bure. Viatu vyako vya zizini viache nyumbani, nunua vingine huko. Nyama kavu, samli ya nyumbani, mbegu, asali ya shangazi, dagaa: kila kitu kitaje kwenye fomu, au bora zaidi usikibebe. Mimi nashauri pia upitishe siku saba mjini kabla ya kukanyaga ranchi, na mwenyeji umwambie hivyo kabla hajauliza. Mwenye ng'ombe akisikia mgeni kalifikiria hilo mwenyewe, umeshapata nusu ya mapokezi.

Hatua ya 4: Piga hodi ukiwa mbali

Usifike mlangoni ghafla. Kwa jicho la mpita njia, ile nyumba kuu inaonekana kama hoteli au ofisi, lakini ni sebule ya mtu. Ranchi zinazopokea wageni hujitangaza zenyewe, na kwenye vituo vya mafuta wanajua ni nani anapokea mwaka huu na nani amefunga. Mwaka wa ukame hata mkarimu hufunga, hana nafasi ya kukutazama.

Andika barua pepe wiki kadhaa kabla, halafu piga simu siku moja kabla ya kufika. Taja mko wangapi, magari mangapi, watoto wapo au hawapo, na kama mnajitosheleza kwa maji na chakula. Uliza wiki hiyo wana kazi gani, kama mnaweza kuitazama, mlale wapi, na kama kuna kitu mjini wanakihitaji. Hili la mwisho ndilo la maana kuliko yote. Duka lao liko mwendo wa saa tano kwa gari. Ukiwaletea matunda freshi na mkate laini, umepeleka zawadi bora kuliko shuka la Kimasai. Angalia tu mipaka ya majimbo: South Australia inazuia matunda kuingia kwa sababu ya nzi wa matunda, kwa hiyo yanunue ndani ya jimbo hilo na uweke risiti.

Kama umeharibikiwa na gari au una mgonjwa, hayo yote yasahau. Nenda moja kwa moja, usiku au mchana. Ranchi nyingi zina kiwanja ambapo ndege za Royal Flying Doctor Service hutua, na huduma hiyo imekuwa ikifuata wagonjwa jangwani tangu 1928.

Hatua ya 5: Gari na maji

Soma mkataba wa kukodisha, hasa maandishi madogo. Magari ya kawaida kwa kawaida hayaruhusiwi kutoka kwenye lami, na hata yale ya magurudumu manne yana orodha ya barabara zilizokatazwa. Ukiingia palipokatazwa bima inakufa, nawe utakuwa unaendesha deni.

Kwa njia za vumbi: matairi mawili ya spea, jeki pamoja na ubao wa kuiwekea isizame, kipimo cha upepo na pampu. Kwenye changarawe punguza upepo kidogo na usizidi kilomita 80 kwa saa. Simu ya kawaida itakufa mara tu ukitoka mjini, kwa hiyo kodi simu ya setilaiti. Redio koli ni ya lazima. Madereva wengi wa huko husikiliza chaneli ya 40.

Maji mimi nahesabu lita 10 kwa kila mtu kwa siku, halafu naongeza za siku tatu. Yagawe kwenye madumu kadhaa. Dumu moja kubwa likipasuka, yote yamekwenda.

Na likitokea la kutokea, kaa na gari. Kwenye Krismasi ya 1963 familia ya watu watano ilikufa kwa kiu kando ya Birdsville Track baada ya kupotea na kuliacha gari lao. Gari huonekana kutoka angani, mtu haonekani.

Mvua ikinyesha, barabara hufungwa, na kufungwa huko si ushauri. Faini ni kubwa. Kibaya zaidi, udongo wa mfinyanzi ukishachimbwa na magurudumu yako hukauka hivyo hivyo, na mwenye ranchi atayakwepa mashimo yako kwa miezi akiwapeleka watoto kwa daktari.

Hatua ya 6: Njiani

Mkipishana, inua kidole kimoja kutoka kwenye usukani. Hiyo ndiyo salamu, na kutoijibu ni ukosefu wa adabu. Ukiona gari limesimama, simama uulize. Lori la mifugo lenye matela matatu, ambalo hufika mita 53.5, usishindane nalo: toka pembeni kabisa, simama, subiri hadi vumbi litulie. Nyuma ya vumbi hilo pengine lipo jingine.

Ng'ombe hawana uzio wa barabarani. Wakikatiza, punguza hadi mwendo wa mtu, usipige honi, wapite wote. Ndama akibaki upande wa pili atamfuata mama yake pale pale unapoanza kuongeza mwendo. Jua likikaribia kuzama egesha, maana ni saa ya kangaruu.

Hatua ya 7: Geti na maji

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo wageni huharibu.

Kanuni ya geti ni fupi: liache ulivyolikuta. Limefungwa, lifunge. Liko wazi, liache wazi. Sehemu ya pili ndiyo ngumu kwetu. Mtoto wa mfugaji amefundishwa kwa fimbo kwamba geti hufungwa. Safari yangu ya kwanza nililikuta geti liko wazi, nikasema huyu kasahau, nikashuka nikalifunga vizuri na mnyororo juu yake. Kesho yake ng'ombe zaidi ya arobaini walikutwa wamejipanga kwenye uzio, wanatazama maji yaliyo upande wa pili. Bahati ilikuwa Julai. Mwenye ranchi hakunifokea. Alinichukua kwenye gari lake, akanionyesha nyayo zilizokwenda na kurudi mbele ya lile geti usiku kucha, akanyamaza. Afadhali angenifokea.

Nilichokuwa sijakielewa ni kwamba ng'ombe wa kule hawana mchungaji. Hakuna kijana na fimbo, hakuna boma la usiku. Mchungaji wao ni maji. Mvua ya sehemu nyingi za kule haifiki milimita 200 kwa mwaka, hakuna mto wa kutegemea, na ng'ombe hawezi kwenda mbali na birika kisha akarudi siku hiyo hiyo. Anayeshika maji ndiye anayewashika ng'ombe. Akitaka wahamie malisho mengine, anafunga bomba hapa na kufungua kule. Akitaka kuwakamata bila kukimbizana nao, anazungushia birika uzio wenye mlango wa vyuma viwili vinavyobonyea kwa ndani tu: ng'ombe anaingia kunywa, kutoka hawezi. Kwa hiyo geti ulilolikuta wazi huenda ndilo njia pekee ya kwenda kwenye maji, na lililofungwa huenda linapumzisha malisho yaliyochoka.

Maji yenyewe yanatoka chini kabisa. Bonde la chini ya ardhi la Great Artesian limelala chini ya zaidi ya moja ya tano ya Australia. Sehemu nyingi yanapanda yenyewe kwa nguvu yake, na mengine hutoka ya moto ya kuunguza hadi yapozwe kwenye mitaro kabla ng'ombe hajanywa. Kule Birdsville Track serikali ilichimba visima ili ng'ombe waliokuwa wakiswagwa kwa miguu kwenda treni ya Marree wasife njiani. Siku hizi pampu nyingi ni za sola, na vile vinu vya upepo vya kwenye picha vinabaki kama pambo.

Basi sheria ya South Australia inakutaka usipige kambi ndani ya mita 500 za birika la mifugo, wala ndani ya kilomita moja ya nyumba au mabanda. Sababu utaielewa ukifikiria kama ng'ombe. Wale si wa kuzoea watu. Wakikuona wewe, hema lako na moto wako karibu na maji, watasimama mbali wasubiri uondoke. Usipoondoka, wataendelea kusubiri. Usioge birikani, usifue, usitie sabuni. Kama umeishiwa maji kabisa, chota kidogo, ondoka haraka, na mwenye ranchi umwambie.

Mkiwa na magari kadhaa, la mwisho ndilo linalofunga geti, na la kwanza halisogei mbele hadi limeona limefungwa. Mwenye kushuka ni abiria wa mbele. Ndiyo desturi, na ndiyo sababu kiti cha mbele hakigombewi sana.

Hatua ya 8: Ukifika

Ingia taratibu, mwendo wa kutembea, vumbi lisiingie jikoni. Egesha mbali kidogo na mabanda. Kaa garini hadi mbwa wamekuona na mtu ametoka. Mpe mkono, jitambulishe kwa jina la kwanza. Huko hata mzee wa miaka sabini anaitwa jina lake mwenyewe, na kwetu sisi tuliozoea Shikamoo mdomo unakuwa mzito. Utazoea.

Usiulize ana ng'ombe wangapi. Hili sikuhitaji kufundishwa. Kwa babu yangu swali hilo lilijibiwa kwa kukohoa, na kule linajibiwa kwa kutazama mawinguni. Ni sawa na kumuuliza mtu salio lake la benki. Uliza mvua imenyesha lini mara ya mwisho. Hapo utaletewa kiti.

Kuna jingine. Hadithi ya ranchi utakayosimuliwa mara nyingi inaanzia na babu wa mwenye nyumba. Lakini waliojua maji yako wapi, na walioendesha ng'ombe kwa vizazi, walikuwa Waaborijini, wenyeji wa asili wenye ardhi hiyo, wengi wao wakilipwa unga, chai na sukari. Mwaka 1966 wafanyakazi wa jamii ya Kiaborijini ya Gurindji, wakiongozwa na Vincent Lingiari, waligoma na kuondoka ranchi ya Wave Hill. Mgomo uliendelea kwa miaka, na mwaka 1975 Waziri Mkuu Gough Whitlam akamimina mchanga kiganjani mwa Lingiari kuonyesha kwamba sehemu ya ardhi imerudi. Siku hizi ranchi nyingi ni za kukodi kutoka serikalini, na mahakama kuu iliamua mwaka 1996 kwamba haki za wenyeji zinaweza kuwepo pamoja na mkataba huo. Waaborijini wa jamii ya Arabana, kwa mfano, walitambuliwa rasmi kuwa na haki hizo mwaka 2012 katika nchi inayozunguka ziwa Kati Thanda. Kwa mgeni maana yake ni kwamba ruhusa ya mwenye ng'ombe haifungui kila kilima na kila chemchemi. Uliza pasipoingiwa, na jiwe lililochongwa ukilikuta liache lilipo.

Hatua ya 9: Zizini

Kazi inaanza saa kumi na moja alfajiri au kabla. Ng'ombe hukusanywa kwa pikipiki, farasi na helikopta ndogo inayoruka chini sana. Kwa sababu hiyo droni yako ibaki kwenye begi, hata kama umeibeba kutoka Dar.

Zizini utaona mambo unayoyajua kwa sura nyingine: kupiga chapa, kuhasi, kukata pembe, kuvisha hereni za kielektroniki kama zile walizoanza kuvishwa ng'ombe wa Tanzania. Ndama wanaotenganishwa na mama zao hulia usiku kucha, lala mapema. Kusini utaona ng'ombe wekundu wasio na nundu. Ukipanda kaskazini wenye nundu wanaongezeka, na hapo moyo wa mtu wa Dodoma unatulia kidogo.

Simama pale ulipoonyeshwa, si hatua moja mbele. Usikae kwenye mdomo wa njia nyembamba wanamopitishwa. Usivae kanga au mtandio unaopepea. Viatu vifunike vidole. Usiwapigie mluzi wala kuwaita kama wa nyumbani. Ng'ombe wale hawajui lugha ya mtu, wanajua tu kwamba kuna kelele upande ule. Picha omba kwanza, na za damu usizipige kabisa.

Saa nne, kazi inasimama kwa chai. Wenyewe wanaiita smoko. Nilipoambiwa ni chai ya saa nne, na vitafunwa juu yake, nilihisi nimefika kwa mjomba. Kisha nikapewa maziwa ya unga. Maelfu ya ng'ombe nje, na ndani kopo la maziwa ya unga. Ng'ombe wale ni wa nyama, hakuna anayekamua, na hata ungetaka, ungeanza kwa kumkamata kwa helikopta. Nilipomsimulia mama kwa simu alikataa kuamini hadi leo.

Hatua ya 10: Chakula

Nyama ya mezani mara nyingi imechinjwa pale pale, bila bismillahi. Kama ni Mwislamu, sema siku ya kupiga simu, si mezani, na beba vya kwako. Nimeona mara zote wanalipokea vizuri likisemwa mapema: utaandaliwa mayai, viazi, samaki wa kopo. Bia itakuwepo jioni. Kukataa hakumuudhi mtu ukishika kikombe cha chai na ukakaa nao. Kinachoudhi ni mgeni anayejifungia kwenye hema baada ya kula. Sahani yako ioshe.

Hatua ya 11: Kuondoka

Lipa ulichoambiwa, na taka zako zote uondoke nazo. Kabla ya kuingia ranchi nyingine, pangusa udongo na mbegu kwenye matairi na viatu, maana magugu husafiri kwa njia hiyo. Waambie unakwenda wapi, kwa njia ipi, na unatarajia kufika saa ngapi.

Ukifika, tuma ujumbe jioni hiyo hiyo. Maneno mawili yanatosha: tumefika salama. Safari moja nilisahau hadi saa tatu usiku. Nilipowasha simu, mama wa ranchi alikuwa ameshapiga mara nne, na mumewe alikuwa anajaza dizeli.